Jumanne Iliyoliwa na Msumeno

Kabla hujaingia katika mji huu, vua viatu. Au usivue, yote sawa, maana chochote kilichoingia mle kikiwa jozi kilitoka kikiwa kimoja, na walinzi wa lango hawakuwa na habari nacho. Mji wenyewe hauna jina. Ulikuwa nalo, zuri tu, la kuandika juu ya bahasha bila aibu, lakini siku waliojenga upande wa mashariki walipogombana na waliojenga upande wa magharibi, kila kundi lilidai jina ni lake, na Baraza likaamuru likatwe katikati. Nusu moja ikasikika kama kikohozi. Nusu ya pili kama mtu anayeitika asipoitwa. Hakuna aliyezitumia tena.

Aliyelikata ni Machano. Karibu kila kilichokatwa mle kilikatwa na Machano, fundi seremala, mtu mwembamba wa miaka hamsini au mia na hamsini, inategemea umemwuliza asubuhi au jioni. Alikuwa na msumeno mrefu wa kushikwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, avute huyu avute yule. Machano aliuvuta peke yake. Anavuta, anazunguka upande wa pili mbio, anavuta tena. Hakupata mwenziwe wa kushika mkono wa pili, na hakuoa. Posa alipeleka, tena mara tatu, na mara zote tatu wazee wa binti walimkaribisha vizuri, wakampa kahawa, wakamwuliza swali moja tu: huo msumeno utaulaza wapi?

Desturi ya mji ilikuwa hivi. Mume na mke wakiachana, hakuna anayehama. Nyumba inapasuliwa papo hapo, kutoka paa hadi msingi, kila mmoja akae na nusu yake. Mlango unapasuliwa, kitanda kinapasuliwa, sufuria inapasuliwa, na redio nayo, huyu abaki na taarifa ya habari na yule abaki na taarab. Zamani (na zamani ya mle ni juzi, au ni enzi za mababu, siku zao hazikuwahi kupanga foleni) Machano alipasua nyumba moja kwa mwaka, na watu walikuja kutazama na njugu mkononi kama wanaokwenda ngomani. Kisha ikawa moja kwa mwezi. Kisha moja kwa wiki. Sasa anapasua saba kabla hajanywa chai, na hakuna anayegeuza shingo. Wachanga wanabembelezwa kwa mlio wa msumeno. Ukikosekana, wanalia.

Machano aliwahi kuwauliza wanaoachana kwa nini. Si kazi yake, lakini mtu ukivuta msumeno tangu alfajiri lazima uongee na mtu. Mmoja akamwambia mke wake anapumua kwa makusudi. Mwingine akasema hakumbuki, waanze tu, labda atakumbuka wakifika katikati. Mama mmoja alimvuta kando. Alifunua bega, akamwonyesha kovu refu lililokuwa bado bichi, na nyumba ile Machano aliikata haraka kuliko nyumba zote za maisha yake na hajaijutia mpaka leo. Kwa hiyo usimwambie Machano kwamba msumeno ni dhambi. Anaujua. Kuna nyumba zilizoomba kukatwa kama jipu linavyoomba. Ila nyingine, alipoingiza meno ya kwanza, alisikia mbao zikishtuka, na zile ndizo zilizomfuata alipolala, zikisimama kando ya kitanda chake chembamba, zikimwuliza: ulitukata tulikuwa tunaumwa nini?

Sasa kuna jambo moja ambalo kila fundi analijua, hata yule wa kutengeneza vigoda. Msumeno unakula. Ukikata ubao wa futi sita katikati, hupati futi tatu na futi tatu. Unapata tatu kasoro huku, tatu kasoro kule, na ile kasoro iko chini ya miguu yako, unga mtupu, unaufagia. Fundi mwenye akili anaacha nafasi ya meno kabla hajapiga mstari. Lakini nafasi hiyo itoke kwenye nusu ya nani? Hapo ndipo watalaka wa mji ule walipotaka kutoana macho. Huyu anasema msumeno ukale kwa yule, yule anasema ukale kwa huyu. Kesi zikajaa. Mkuu wa Baraza, ambaye alikuwa ameacha wake wanne na nyumba yake imepasuliwa mara nne hadi anaishi kwenye kipande chenye upana wa kabati, alisimama (nafasi ya kukaa hakuwa nayo) akatoa uamuzi: kuanzia leo msumeno hauna unene. Ikaandikwa. Machano akaitwa aweke dole gumba. Alijua si kweli. Alikuwa na njaa, foleni ya wanaoachana ilikuwa imezunguka kisima mara mbili, na wino ulikuwa umeshafunguliwa. Akaweka.

Basi ikaja zamu ya nyumba ya Kidawa na Faki.

Hawa hawakupigana. Hawakuwa hata na kisa kizuri cha kusimulia. Walichoka tu, kila mmoja akimchoka mwenzake taratibu kwa adabu, mpaka siku moja wakajikuta wanaombana radhi wakipishana ukumbini kama wageni wa hoteli. Mtoto alikuwa mmoja, Sikudhani, miaka saba, mwenye pengo la meno mawili ya mbele. Wakakubaliana juu yake bila kupandisha sauti. Wiki igawanywe. Na akabidhiwe lini? Jumanne, wakasema wote wawili, siku ya katikati, isiyo ya mtu.

Kalenda ilikuwa ukutani. Machano akapiga mstari, akavuta. Huku zikabaki Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, za Kidawa. Kule zikabaki Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, za Faki. Tatu kwa tatu. Wakazihesabu, wakaridhika, wakapeana mikono. Unga mweupe uliokuwa sakafuni, Machano aliufagia. Aliona una joto kidogo, joto la saa sita mchana, akadhani ni mkono wake.

Likafuata jina, maana Baraza lilisema vyote vikatwe. Mama akapata Siku. Baba akapata Dhani. Mtoto alisimama pale akitazama kinachofanyika kwa jina lake, akauliza kama itauma. Machano akamwambia hapana. Ndiyo ahadi pekee aliyowahi kumpa mtu akiwa kazini.

Jumatatu jioni Kidawa alimvalisha Siku sare ya shule, akampa begi na chapati mbili ndani ya karatasi, akamsimamisha nje ya nusu ya mlango wake ili kesho yake apokewe, akafunga. Jumatano asubuhi Faki alifungua nusu ya mlango wake. Hapakuwa na mtu.

Kamzuia, Faki alijisemea. Kamzuia, najua. Anataka niende nikagonge. Nikigonga nimeshindwa. Sigongi.

Jumamosi Kidawa akafungua. Hapakuwa na mtu.

Kamkalia. Sawa. Kampikia pilau kila siku, kamnunua moyo, mimi wa uji nina nini. Akae naye. Sitaki kujua. Anakula vizuri lakini? Sitaki kujua.

Na ukuta wa ubao uliokuwa kati yao ulikuwa na unene wa kidole, ukikohoa huku unasikika kule. Kila mmoja alimsikia mwenzake akitembea peke yake, akila peke yake, akizima taa peke yake, na kila mmoja akasema: unaona anavyomnyamazisha mtoto asicheke nikasikia. Zikapita wiki kwa namna hiyo. Au miaka. Kuta zilipakwa chokaa, chokaa ikabanduka, zikapakwa tena, na mtu anawezaje kuhesabu miaka ambayo kila wiki yake ina tundu katikati?

Machano alilisikia tundu lenyewe mchana mmoja akipita na msumeno begani kuelekea nyumba ya tano ya siku ile. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa chini. Alipofika kati ya nusu ya Kidawa na nusu ya Faki, pale nje ambapo meno yake yalipitia, akasikia mtu anaruka kamba. Moja, mbili, tatu, nne. Akasimama. Uwazi ule haukuzidi upana wa ukucha. Akaweka jicho.

Ndani kulikuwa na mchana. Mchana wa Jumanne, saa sita kamili, jua halina kivuli, na njia ndefu nyembamba iliyokwenda mpaka pasipoonekana, maana nyufa zote alizozikata mjini zilikuwa zimeungana kwa ndani kama mizizi. Na njia nzima ilikuwa na watoto. Wamekaa juu ya mabegi yao, migongo ukutani, wengine wamelala, wengine wana ndevu na bado wamevaa kaptura za shule, wote wanangoja kupokewa. Aliyekuwa karibu alikuwa binti mrefu, mikono ya sare imemwishia viwikoni, chapati mbili bado zimo kwenye karatasi. Akaacha kuruka. Akainama, akamtazama fundi kwa jicho lile lile lililowahi kumwuliza kama itauma.

"Fundi," alisema, "Jumanne inaisha lini?"

Machano akabandika mdomo kwenye ufa. Akamwambia atoke, apitie popote. Binti akamweleza kwa utulivu, kama anayemfundisha mgeni njia ya sokoni, kwamba hatoki mtu bila kuitwa. Na kuitwa wanaitwa, kila wiki, ila wanaitwa nusu. Nusu ikitaka kuitika, nusu ya pili inabaki imekaa. Alijaribu siku za mwanzo. Iliuma.

Hapo tone la jasho likamdondoka Machano juu ya ubao, na akaona ubao unavyolinywa. Akatazama juu. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuambiwa. Mvua ikinyesha, mbao zinafura. Zikifura, upana wa ukucha unakuwa upana wa unywele, kisha haupo. Akauburura msumeno mbio mpaka barazani, na kama ulikuwa hujaona mtu wa miaka mia na hamsini akikimbia, ndiyo siku yake.

Watu walikuwa wamejaa, kila mtu juu ya nusu kiti, cha miguu miwili, kwa hiyo walikuwa wameegemeana migongo wasianguke. Ukiwatazama kwa mbali ungedhani wanapendana. Machano akasimama mbele yao akasema yote. Kwamba msumeno una unene, tangu zamani. Kwamba dole gumba ni lake na alidanganya. Kwamba walichopunjana katika kugawana hakikuingia kwa huyu wala hakikubaki kwa yule, kimo ndani ya ufa, kina mabegi, na mvua hiyo hapo.

 Halafu jamaa mmoja, mnene, akasema taratibu, "Fundi, wewe uliyelala peke yako tangu uzaliwe, leo umekuja kutufundisha kulea?"

Wakacheka, viti vikayumba. Wangu yuko kwa mama yake, akasema mmoja. Wangu yuko kwa baba yake, akasema wa pili. Maneno hayo yakazunguka baraza zima kama sinia ya kahawa, kila mtu akichukua kikombe chake. Machano aliwatazama watalaka wawili, si Kidawa na Faki, walioegemeana mbele yake kabisa, nyumba yao aliipasua yeye, mtoto wao mmoja, na mwanamume anasema yuko kwa mama na mwanamke anasema yuko kwa baba, visogo vimegusana. Kilichotakiwa ni shingo kugeuka robo tu. Alizisubiri zile shingo mbili kuliko alivyowahi kusubiri jibu la posa. Hazikugeuka. Mkuu wa Baraza akauliza kama kuna jingine.

Labda ndivyo miji inavyokufa, aliwaza Machano akitoka. Moto ungewatoa nje, na adui angewafanya wahesabiane. Huu unakufa watu wamekaa vizuri, kila mtu ana uhakika kwamba anachokipenda kiko salama mikononi mwa anayemchukia.

Kwenye kona mtu akamfikia nyuma. Alikuwa Kidawa, katoka barazani mbio, mtandio umemshuka mabegani, hakuupandisha.

"Fundi. Huyo binti uliyemwona. Ana kidevu gani?"

"Chako," alisema Machano.

Kidawa hakuuliza la pili. Alitembea mbele yake mpaka kwenye nusu ya mlango wa Faki, mlango ambao tangu upasuliwe alikuwa akiupita ametazama upande wa pili, akainua mkono, mkono ukagoma hewani, akaugonga kwa paji la uso.

Faki akafungua. Alikuwa na hotuba. Alikuwa ameiandaa tangu Jumatano ile ya kwanza, akiongeza maneno akinyoa, akiongeza akila, hotuba yenye vifungu, na sasa alipofungua kinywa haikutoka hata salamu.

"Mtoto yuko kwako?" aliuliza Kidawa.

"Si yuko kwako?"

Wakatazamana. Machano aliwahi kuona nyumba zikianguka, lakini nyumba inapoanguka kuna vumbi, kuna mlio, mtu unapata cha kufanya. Hapa Faki alishika tu ubao wa mlango, na Kidawa akaketi chini pale pale kizingitini. Faki akaanza kusema kwamba kama angegongewa mapema. Kidawa akaanza kusema kwamba kama angegonga yeye. Na Machano, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatiza mteja, akawaambia wanyamaze, wainuke.

Walisimama kwenye ufa, mama huku, baba kule. Kidawa akaita nusu yake. Akangoja. Faki akaita nusu yake. Kati ya nusu na nusu palibaki shimo dogo la kimya, na kila kitu kikaangukia humo. Wakarudia, shimo likawa pale pale. Machano akawaambia kila mmoja aite jina zima, na waite pamoja, la sivyo atavutwa upande mmoja tu. Hapo ndipo penye kazi. Kidawa hakuwahi kulitamka Dhani tangu siku ile, ulimi ulikuwa umeota ukoka. Faki akasema Siku kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge. Mara ya kwanza Kidawa akatangulia, Faki akamlaumu kwamba ndiyo kawaida yake. Mara ya pili Faki akatangulia, Kidawa akacheka kicheko kikavu, akauliza nani sasa. Mara ya tatu walingojana mpaka hakuna aliyeita. Ngurumo ikapita juu. Machano akainua kidole kama mwalimu wa darasa la kwanza, akawaambia wavute pumzi moja, watoe pumzi moja, wasimsikilize yeye, wasikilizane.

Mara ya tano lilitoka zima. Sikudhani. Lilikuwa na mshono, lakini zima.

Ndani ya ufa kamba ikaacha kugonga chini.

"Labeka," ikaitika sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, iliyochoka kidogo, na Kidawa akaziba mdomo kwa mtandio kwa sababu alimsikia marehemu mama yake mle ndani.

Nyayo zikaja, polepole, zikikaribia kutoka mbali kuliko upana wowote wa nyumba.  Vidole vinne vikatokea kwenye uwazi, vyembamba kama vibanzi, vyeupe kwa unga, vikashika mbao: viwili upande wa mama, viwili upande wa baba. Machano aliona kwamba inawezekana. Alikuwa fundi, alipima kwa jicho, aliona bega likipita kwa ubavu, kichwa kikigeuzwa kidogo. Inawezekana kabisa.

"Nimefika," alisema Sikudhani. "Nitokee upande gani?"

Machano akajua jibu. Popote, mwanangu. Toka tu, upande tutautafuta baadaye. Akafungua kinywa aliseme, lakini wenye mtoto walimtangulia.

"Kwangu," wakasema.

Walisema pamoja. Hakuna aliyehesabu, hakuna aliyeinua kidole, hakuna aliyemtangulia mwenziwe hata kwa upana wa meno ya msumeno. Neno lilitoka moja, laini, halina mshono, kama walivyokuwa wakiitikia amin zamani walipokuwa bado wanakula sinia moja. Wakalisikia wenyewe. Faki akanyoosha mkono kana kwamba neno linaweza kudakwa.

Vidole viwili vya upande huu vikaachia. Kisha viwili vya upande ule. Mvua ikaanza kunyesha, na mbao zikaanza kunywa.